Viazi vya Wifi

Mke wa dereva wa kreni aligundua kwamba ameibiwa mume asubuhi ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, mume mwenyewe akiwa amekaa mbele yake mezani, amevaa sare ya kazi, ananyoosha sahani aongezwe viazi. Aliyemwibia hakuwa hawara. Angekuwa hawara mambo yangekuwa rahisi, maana hawara anatukanwa, anafuatwa kwake, majirani wanaitwa kushuhudia. Huyu alikuwa wifi yake, dada wa mume, mwanamke mpole aliyelala chumba cha uani na kufua shuka zake mwenyewe, na hakuna jirani ambaye angeacha shughuli zake aje kushuhudia kosa la mtu kupika viazi vizuri.

Na vilikuwa vizuri, tusidanganyane. Nje vimekauka, vimeiva rangi, ukiuma vinakatika kwa mlio. Ndani vimelainika na bado vinatoa mvuke. Kijiko kimoja tu cha mafuta kwa sahani nzima. Vilitoka kwenye kikaangio cha hewa, chombo cheusi kilichokuwa kikivuma juu ya kabati la vyombo, ambacho nyumbani hapo kiliitwa mashine tu. Wifi alikinunua kwa bei ya wafanyakazi katika duka la vyombo vya umeme alikoajiriwa, kwa kuwa kilikuwa kimebonyea ubavuni na wateja walikuwa wakikipita. Kazi yake dukani ilikuwa hiyo hiyo: kusimama nyuma ya meza karibu na mlango, kukaanga viazi mbele za watu kutwa nzima, kuwaonjesha, na kutabasamu mpaka mashavu yanauma.

Taabu ni kwamba sauti ya dukani alirudi nayo nyumbani.

“Siri ni maji, kaka,” alisema huku akimjazia sahani. “Unakata vipande vilingane, unaviloweka nusu saa vitoe yale maji meupe, halafu unavikausha kwa kitambaa mpaka vikauke kweli. Kijiko kimoja cha mafuta, unachanganya kwa mkono. Na hujazi kikapu, viazi vinataka nafasi. Katikati unatoa, unatikisa, unarudisha.”

Kaka mtu aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Mkewe akamimina chai, akaijaza mpaka ikamwagika kwenye kisahani, wala hakuna aliyeona. Alikuwa amemkaangia viazi mtu huyu miaka kumi na tisa, kwenye karai, kwa mafuta yanayochemka, na hakuna siku hata moja aliyoulizwa siri ni nini.

Mashine ililetwa kwa sababu ya barua kutoka kazini kwa mume. Kampuni yenye yadi ya makontena ilikuwa imewapima madereva wake wote, na daktari wa kampuni akakuta damu ya huyu wetu imejaa mafuta na presha imepanda. Akapewa miezi mitatu. Vipimo vikishuka, anabaki na kreni yake. Visiposhuka, anatolewa, kwa sababu mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa aketi juu kabisa, peke yake, akining'iniza kontena juu ya vichwa vya wenzake. Na dereva wa kreni akitolewa akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, yadi ina nafasi moja tu ya kumpa: kukaa getini na daftari, kuandika namba za malori. Mshahara nusu, na kila aliyekuwa akikuangalia kwa kuinua shingo sasa anakuangalia kwa kuinamisha.

Kwa hiyo mke alikubali. Asingekubali angeonekana mchawi. Karai likasuguliwa, likafungiwa chini ya kabati, na yeye, fundi cherehani wa sare za shule ambaye wafanyakazi wenza wa mumewe walimwita Shemeji wa Viazi, akaambiwa apumzike asubuhi, alale kidogo zaidi, wifi yupo.

Alilala kidogo zaidi. Yaani alilala macho, akisikiliza kaka na dada wanavyocheka jikoni kwake.

* * *

Wiki ya tatu mume akaanza kubeba viazi kwenda kazini. Wifi alimfungia kwenye bakuli lenye mfuniko, na jioni bakuli likarudi limelambwa.

“Jamaa wamevishambulia,” mume alisema akivua viatu mlangoni. “Yule fundi wa mitambo akasema leo shemeji amejipita. Nikamwambia siyo shemeji huyo, ni dada yangu.”

Alisema kwa roho nyeupe kabisa, na hapo ndipo palipouma. Angekuwa na nia mbaya mke angejua pa kumshika. Alirudi kwenye cherehani akakanyaga, akashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, akafumua, akashona tena vilevile.

Ikumbukwe kwamba wifi mwenyewe hakuwa na makuu. Aliachika akiwa na sanduku moja, akaomba hifadhi ya miezi miwili, na mwaka ulikuwa unakatika. Kwa kuona haya alifanya kila alichoweza ili asionekane mzigo: anafagia uwanja kabla hajatumwa, ananunua sabuni, anaosha mashine yake mpaka inang'aa. Hakujua kwamba kila alipopunguza mzigo alikuwa anapunguza na nafasi ya mwenye nyumba. Mke naye hakuweza kumwambia. Utamwambiaje mtu apunguze wema?

* * *

Kisha duka likabadilisha zamu. Wifi akatakiwa kufika saa kumi na mbili kamili kupokea mizigo, na ikabidi atoke nyumbani kabla kaka yake hajaamka. Aliandika maelezo yote kwenye karatasi, kwa mwandiko wa duara kama wa mwalimu, akaibandika ubavuni mwa mashine. Ilianza hivi: *Wifi, usijaze kikapu.*

Mke alisoma mpaka hapo. Kufundishwa kuwasha jiko ndani ya jikoni mwake, na tena kwa maandishi, kulimpanda kichwani. Aliibandua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye droo ya vifungo. Kisha akamenya viazi alivyozoea kumenya, akakata alivyozoea kukata, akavisuuza na kuvitia vikiwa bado majimaji, na kikapu akakijaza pomoni, kwa sababu kikapu nusu kilikuwa uchoyo na wala si mapishi. Akabonyeza.

Vilitoka juu vimesinyaa ngozi, chini vimelowana, katikati vibichi. Mume alirudi kutoka kwenye mwendo wa nusu saa aliotakiwa na daktari kutembea kila asubuhi, akaketi, akala kimoja. Akala cha pili, akakizungusha mdomoni kwa muda, akakimeza kwa chai.

“Nimeshiba,” alisema.

Akachukua kofia yake akaondoka mapema. Mke alibaki ameketi mbele ya sahani ile. Angemlalamikia angejitetea: mashine mbovu, umeme unakatika, viazi vya msimu huu vina maji. Lakini mume alimhurumia.

Kesho yake, mume alipotoka tu kwenda kutembea, karai lilitoka chini ya kabati.

Aliapa ni siku moja tu. Alifungua madirisha yote mawili, akakaanga haraka haraka uani kwa jiko dogo la gesi, akavikausha kwa karatasi, tena akavifuta kimoja kimoja, akijiambia kwamba mafuta yote yamebaki kwenye karatasi. Halafu akavitia kwenye kikapu cha mashine pamoja na vipande vya kitunguu, akaiwasha dakika tatu, ili nyumba inukie mashine. Mume aliporudi akitokwa na jasho, mashine ilikuwa inavuma kwa uaminifu, na viazi vikatolewa mbele ya macho yake.

Alikula kimoja. Kisha akaegemea kiti na kumtazama mkewe, akamtazama hasa, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka mikono.

“Mama Mapacha,” alisema, maana watoto wao walikuwa pacha, wote wawili wako shule ya bweni, “leo umempita dada.”

Siku hiyo Mama Mapacha alishona sare kumi na nne, akaimba. Mteja aliyekuja kugomba kuhusu sketi iliyobana akapewa nyingine na tabasamu juu. Na kesho yake, kwa sababu mume alikuwa ameshika bakuli la kazini anasubiri, ikawa siku ya pili. Ikawa wiki. Dumu la mafuta lilihamia chini ya mrundo wa vitambaa vya bluu kwenye chumba cha cherehani, mahali ambapo hakuna mkono ulioingia isipokuwa wake. Na mume? Ulimi wake ulijua. Mtu aliyekula mafuta miaka hamsini hawezi kuyasahau kwa wiki chache. Lakini ulimi wenye hamu hauulizi maswali, na yeye alipendelea kuamini kwamba mashine imemzoea mkewe.

Siku moja wifi akapata mapumziko, akakuta viazi viwili vimebaki sahanini. Alitia kimoja mdomoni. Akatafuna polepole, akavuta droo ya mashine, akapitisha kidole chini ya kikapu, akakitazama kile kidole.

“Vitamu, wifi,” alisema.

Mke alimwona alivyogeuka kwenda kunawa, akajisemea moyoni: na wewe leo limekuchoma. Ilikuwa furaha ya kishenzi, na aliila peke yake mchana kutwa.

Kesho yake alasiri wifi alijaribu kulizungumza. Alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, akashika fremu, akauliza kama ile karatasi ya maelezo bado ipo, au aandike nyingine. Mke akajibu bila kuinua macho kwamba karatasi haikuwa na kazi, aliyekuwa akiihitaji hayupo nyumba hii. Wifi akasema sawa. Akasema pia kwamba kipimo cha kaka kimebaki siku ishirini. Mke akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka maneno mengine hayakusikika.

* * *

Mume alirudi siku ya kipimo kabla ya saa sita mchana. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, na buti zake, na bahasha mapajani.

Mke alitoka na glasi ya maji, akaona sura, akajua. Mafuta kwenye damu hayakushuka. Yalikuwa yamepanda kuliko mara ya kwanza. Mume alieleza kwa sauti ya chini, vipande vipande: daktari alimuuliza anakula nini, naye akasema kwa kujiamini kwamba nyumbani kwake wanatumia mashine, kijiko kimoja cha mafuta. Daktari akamuuliza tena mbele ya muuguzi na madereva wawili waliokuwa kwenye foleni. Akarudia. Wakacheka. Msimamizi akampokea funguo za kreni mlangoni, na kumpa dereva wa zamu ya jioni. Kuanzia Jumatatu yeye ni wa getini.

“Nimebishana na daktari, unanisikia? Nimemwambia hajui mashine za siku hizi.”

Mke alisema, “Pole, baba.” Alitaka kusema palepale. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni kumuuliza kama atakula. Akaingia jikoni, akasimama, hakupika kitu.

Wifi alirudi saa tisa, bado na beji ya duka kifuani. Kaka yake hakumwitikia salamu.

“Uliniuzia,” alimwambia. “Kama unavyowauzia wale wa dukani. Kijiko kimoja, kijiko kimoja. Mimi nikakuamini kwa sababu wewe ni dada yangu.” Alimwekea karatasi ya daktari mikononi. “Haya, nieleze siri ni nini.”

Mke alikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, hatua tatu kutoka kwao. Alimwona wifi akiisoma karatasi mpaka chini. Alimwona akiinua macho, yakaja moja kwa moja dirishani, yakamkuta. Basi, alifikiri, sasa. Alijishika kwenye sinki akangoja kutajwa, na katika kungoja huko, aibu iwe shahidi, aliona afadhali. Akitajwa na wifi, atakuwa na wa kumchukia.

Wifi aliyarudisha macho kwa kaka yake.

“Itakuwa mimi,” alisema. “Ile mashine ilishushwa bei kwa sababu ilibonyea. Labda ina kasoro, labda vipimo nilikosea. Nilitaka kuonekana nina faida hapa, nikakupa kitu sijakihakiki. Nisamehe, kaka. Nitaiondoa. Na mimi pia nitatafuta chumba, mwaka umetosha.”

Hayo ndiyo mambo yote ambayo mke alikuwa akiyaomba kila asubuhi, akilala macho: mashine iondoke, mwenye mashine aondoke nayo, na jiko lirudi kuwa jiko. Yalikuwa yameletwa mlangoni pake bila yeye kusema neno. Alibakiwa na kazi moja tu, kunyamaza.

Lakini akasikia sauti ya mumewe ikibadilika. Ukali uliisha. Alimsikia akivuta kiti kingine, akimwambia dada yake aketi, asilie. Akamwambia hakuna mtu anayemfukuza. “Wewe hukukusudia,” alisema. “Wewe una moyo, dada. Tangu utoto una moyo. Wangapi wangekubali kosa hivyo?” Na kwa sauti ile laini, ambayo mke alikuwa hajaisikia kwa miaka, akamwambia kwamba getini nako ni kazi, watapita tu.

Hapo wivu uliwaka kuliko siku zote. Mwanamke huyu alikuwa amechukua asubuhi zake, ameichukua sifa yake, na sasa ameokota kosa, kosa ambalo hakulitenda, na bado anapendwa kwa ajili yake. Hata katika ubaya asibaki na chake.

Alikwenda chumba cha cherehani, akafukua vitambaa vya bluu, akatoka uani na dumu. Akaliweka chini mbele ya miguu yao. Lilikuwa limebaki robo.

“Mashine haina kasoro,” alisema. “Viazi nimekaanga mimi. Kwenye karai, kila siku, ukienda kutembea. Mashine nilikuwa nawasha ya kukuonyesha.”

Mume aliliangalia dumu, akamwangalia yeye, akaliangalia dumu tena.

“Vyote?”

“Vyote. Na vya kazini.”

“Na barua uliisoma.”

“Niliisoma.”

“Kwa nini, Mama Mapacha?”

Alikuwa amejiandalia majibu mengine, mazuri zaidi, kwa wiki saba. “Kwa sababu ulianza kuniangalia tena,” alisema.

Wifi alisimama. Alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, “Ungeniachia, wifi. Kosa nilishalibeba.”

“Nimekuona ulivyolibeba.” Aliuchomoa mkono wake, si kwa ukali. “Ulilibeba vizuri mno. Ndiyo maana nimetoka.”

Wifi akamwachia njia, akaingia ndani na karatasi ya daktari, akawaacha wawili. Mume alikuwa ameanza kufungua kamba za buti, akaacha katikati. Hakupaza sauti. Angepaza mkewe angelia, na kilio kingewasaidia wote wawili.

“Jumatatu nitakaa getini,” alisema. “Madereva wote watapita hapo, asubuhi na jioni. Kila mmoja ataniuliza imekuwaje. Niwaambie nini?”

“Waambie ni mkeo.”

“Mke wangu amefanyaje?”

Alitafuta neno dogo zaidi. Jua la alasiri lilimpiga usoni, na mumewe akamngoja bila kumsaidia.

“Waambie ana wivu,” alisema.